17 Septemba 1948 Hyderabad: ukombozi au uvamizi? Na huyu Nizam wa mwisho tumweke wapi?

Mleta mada

Wakuu salaam. Kila ikifika mwezi wa tisa watu wa jimbo la Telangana kule India wanavutana juu ya jina la siku moja tu, tarehe 17, siku ambayo mwaka 1948 dola ya Hyderabad, iliyokuwa haijajiunga na India huru, ilisalimu amri kwa jeshi la India. Mwaka 2022 serikali kuu ya Delhi iliiadhimisha kama Siku ya Ukombozi wa Hyderabad, mwaka huohuo serikali ya jimbo ikaiita siku ya umoja wa taifa, 2024 chama cha Congress wakiwa wameshashika jimbo nao wakaja na jina lao, siku ya utawala wa wananchi. Na ukifukua ugomvi wenyewe unamkuta mtu mmoja amekaa katikati, Mir Osman Ali Khan, Nizam wa saba (Nizam ndo cheo cha mfalme wa Hyderabad).

Kwa asiyemjua: huyu alirithi kiti Agosti 1911 baba yake alipofariki, akatawala dola kubwa kuliko karibu tawala zote za kifalme zilizokuwa chini ya Mwingereza India, watu kama milioni 16 kwenye sensa ya 1941, wengi wao kabisa Wahindu wanaosema Kitelugu, Kimarathi na Kikannada, huku mfalme ni Muislamu na lugha ya ofisi ni Kiurdu. Utajiri wake ndo uliomweka kwenye jalada la jarida la Time Februari 1937 kama tajiri kuliko wote duniani. Baba yake aliacha almasi moja ya karati zaidi ya 184 imefichwa kwenye ncha ya kiatu, na inasimuliwa mtoto alipoipata akawa anaiwekea juu ya karatasi zisipeperuke. Mtu mwenye mali hiyo alikuwa anavaa kofia ileile kuukuu miaka nenda rudi.

Msimamo wangu nautoa mapema: alikuwa mjenzi kweli, lakini aliwanyima watu wake sauti mpaka dakika ya mwisho, na kilichomwangukia 1948 alijipalilia mwenyewe. Kwa hiyo mimi neno ukombozi nalikubali. Anayepinga aje na hoja.

Mchangiaji wa 1

Napinga, tena naanzia kwenye maji. Septemba 1908 mto Musi ulifurika ukaua maelfu Hyderabad. Upo mkwaju kwenye viwanja vya hospitali ya Osmania mpaka leo, inaelezwa watu kama 150 waliupanda wakang'ang'ania matawini mpaka maji yakashuka. Hayo yalikuwa enzi za baba yake, lakini aliyehakikisha hayajirudii ni huyu mnayemsema. Mpango ulichorwa na injinia Visvesvaraya, Nizam huyu akajenga bwawa la Osman Sagar likaisha 1920 na la Himayat Sagar 1927, mafuriko yakadhibitiwa na mji ukapata maji ya kunywa juu yake. Ukienda Hyderabad leo, hospitali kuu ni yake, jengo la mahakama kuu ni la enzi yake, bwawa la Nizam Sagar lililowafungulia wakulima umwagiliaji ni la enzi hiyohiyo.

Alafu chuo kikuu cha Osmania 1918. Hapa naomba wanaopenda lugha yetu wanisikilize vizuri, maana hili ndo linaloniuma mimi. Kile chuo kilifundisha kila kitu kwa Kiurdu, pamoja na udaktari na sheria, India nzima ikiwa chini ya Mwingereza na Kiingereza ndo kila kitu. Hawakusema eti lugha haina istilahi, waliunda kwanza idara ya tafsiri 1917, wakakalisha wasomi chini wakatafsiri vitabu vya fizikia, vya hesabu, vya tiba, wakabishana neno kwa neno. Sisi hapa bado tunagombana kama sekondari ifundishwe Kiswahili au la. Mtu aliyefanya hivo miaka zaidi ya mia iliyopita unamwitaje dikteta tu basi?

Mleta mada

Mkuu hoja ya lugha ni nzuri na nakiri ilinigusa nilipoisoma mara ya kwanza. Lakini hebu malizia: Kiurdu kilikuwa lugha ya nani? Mtoto wa mkulima wa Warangal anasema Kitelugu nyumbani. Kwake Kiurdu kilikuwa cha bwana mkubwa kama Kiingereza kilivyo kwetu, au pengine ahueni kidogo. Na 1938 wanafunzi wa chuo hichohicho walipoimba Vande Mataram, wimbo wa uzalendo wa India, bwenini walifukuzwa, mmoja wao P. V. Narasimha Rao ambaye baadae alikuja kuwa waziri mkuu wa India. Mwaka uleule chama cha Congress cha jimbo kikapigwa marufuku hata kabla hakijasimama.

Sasa tuje kwenye ardhi, maana mji ulijengwa kwa hela na hela ilitoka shamba. Karibu sehemu moja ya kumi ya nchi nzima ilikuwa mali binafsi ya Nizam, mapato yanaingia mfukoni mwake moja kwa moja, wao wanaita sarf-e-khas. Kama asilimia 30 nyingine ilikuwa ya mabwana wa jagir, yaani ardhi waliyogawiwa na Nizam. Vijijini Telangana kulikuwa na kitu kinaitwa vetti, kazi ya bure ya kulazimishwa, dobi anafua nguo za bwana bure, mfinyanzi anapeleka vyungu bure, kinyozi bure, mwenye ng'ombe anatoa maziwa bure. Sio msimu mmoja, ni maisha yote na mtoto anarithi.

Mtafuteni mama mmoja anaitwa Chakali Ailamma. Mwanamke wa tabaka la madobi, kijiji cha Palakurthi, ana ekari nne tu. Bwana mkubwa wa pale, Ramachandra Reddy wa Visnur, akazitaka. Mavuno yalipokaribia akatuma watu wake wakavune wao. Mama yule na wenzake wa chama cha wakulima wakasimama shambani wakawatimua, wakavuna wenyewe wakabeba mpunga nyumbani kwake. Mwezi Julai 1946 kijiji jirani watu wa bwana huyohuyo wakampiga risasi kijana Doddi Komaraiah kwenye maandamano, akafa, na hapo moto ukawaka vijiji vingi. Nizam akafanyaje? Alituma polisi, na hawakuenda kwa bwana, walienda kwa wakulima.

Mchangiaji wa 2

Mimi nadhani mnazunguka. Ishu ilikuwa dini kwisha. Mfalme Muislamu, watu Wahindu, kazi za serikali kwa Waislamu, alafu mwishoni akaacha Razakari, wanamgambo wa Kasim Razvi, wazunguke vijijini kuua na kuchoma. India isingeingia wangemalizwa.

Mchangiaji wa 3

Hapana ndugu, ukiiweka kwenye dini peke yake inakataa kukaa. Huyo Ramachandra Reddy aliyemnyanyasa Ailamma alikuwa Mhindu, na mabwana wengi wa aina yake vijijini walikuwa Wahindu wanaotawala kwa kivuli cha Nizam. Upande wa pili, Makhdoom Mohiuddin, mshairi na kiongozi wa wafanyakazi aliyekuwa mstari wa mbele na wakomunisti kumpinga Nizam, ni Muislamu. Shoebullah Khan, mhariri kijana wa gazeti la Imroze, Muislamu, aliandika kwamba Hyderabad ijiunge na India, Agosti 1948 usiku akirudi nyumbani wakampiga risasi na kumkata mkono. Razakari waliua Wahindu wengi hilo halina ubishi, lakini walimuua na yule Muislamu aliyewaambia ukweli.

Na jeshi la India lilipofika halikuondoka na mabwana. Mapambano ya wakulima yaliendelea mpaka Oktoba 1951, safari hii wanapigana na jeshi hilohilo mnaloliita la ukombozi, na mabwana wengi waliokimbilia mjini walirudi vijijini nyuma ya askari kudai ardhi. Sasa mkulima alikombolewa na nani hapo?

Mchangiaji wa 4

Nimekuwa nasoma kimya ila hili limenigusa nyumbani. Mimi ni wa Mombasa, upande wa babu ni Washihiri. Wazee wetu walipotoka Hadhramaut kule Yemen kuna waliopanda jahazi kuja huku na kuna waliokwenda Hyderabad kuwa askari wa Nizam, ndugu tumbo moja wanaachana bandarini. Mtaa wao kule mpaka leo unaitwa Barkas, jina limetokana na kambi ya jeshi, na wao wanaitwa Chaush. Na kuna mtaa mwingine unaitwa AC Guards, hizo herufi ni kikosi cha wapandafarasi Waafrika, watu weusi wenzetu ambao asili yao ni bara hili, wajukuu wao wapo pale wanasema Kiurdu na bado wanapiga ngoma za marfa harusini.

Sasa niwaulize mnaosema ukombozi: hao waliambiwa nini Septemba 1948? Jeshi liliingia tarehe 13, siku mbili tu baada ya Jinnah, mwasisi wa Pakistan, kufariki kule Karachi, siku tano mambo yakaisha. Baada ya hapo Waarabu kwa maelfu walishikwa wakawekwa kizuizini na wengi wakarudishwa Aden, kuna waliozaliwa Hyderabad hawajawahi kuliona Hadhramaut. Na Waislamu wa kawaida wa wilaya za magharibi waliuliwa na wenzao wa kijiji, ripoti ya kamati ya Sunderlal iliyotumwa na Nehru mwenyewe, waziri mkuu wa India, ilikadiria waliokufa kati ya 27,000 na 40,000, na ikasema kuna mahali askari walishiriki. Hiyo ripoti ikafungiwa, watu wa kawaida wameanza kuisoma 2013. Miaka 65! Mtu ambaye baba yake aliuawa akatupwa kwenye kisima cha kijiji amezeeka na kufa anaambiwa sherehekea ukombozi.

Mchangiaji wa 1

Asante kwa hilo. Na msisahau mzee alikuwa mzalendo pia, 1965 wakati wa vita na Pakistan alitoa kilo 5,000 za dhahabu kwa India bure.

Mleta mada

Hiyo ya kilo 5,000 mkuu tuiache, ni stori inayozunguka mitandaoni. Aliweka kilo 425 kwenye hati za dhahabu za serikali kwa riba ya asilimia 6.5. Ni uwekezaji, sio sadaka. Tukitaka kumsifia tumsifie kwa kilichopo, na kipo kingi: alichangia chuo cha Waislamu cha Aligarh, akachangia na chuo cha Wahindu cha Banaras, hayo yameandikwa.

Namjibu wa 4, na hapa naandika taratibu maana umenikalisha chini.

Kwangu kosa kubwa la Nizam lipo kwenye usiku mmoja. Oktoba 1947 alikuwa ameshakubali mkataba wa muda na Delhi, wajumbe wake wanatakiwa kupanda ndege asubuhi. Saa tisa usiku umati wa watu wa Razvi ukazingira nyumba za wajumbe, na Monckton yule mwanasheria wake Mwingereza akiwemo, wasitoke. Mfalme mwenye jeshi, mwenye polisi, mwenye dhahabu ile yote, hakuwatawanya. Alibadili wajumbe. Waziri mkuu wake Nawabu wa Chhatari akajiuzulu, na tangu siku ile nchi ikawa mikononi mwa Razvi zaidi ya mikononi mwake. Mkataba ukaja kusainiwa 29 Novemba, karibu neno kwa neno uleule uliokataliwa, mwezi mzima umepotea na watu wenye siasa kali wameshajua kwamba mzee anatishika. Razvi baada ya kifungo alihamia Pakistan. Nizam alimpokea Patel, naibu waziri mkuu wa India, uwanja wa ndege mikono imekunjwa, akabaki mkuu wa jimbo wa heshima mpaka 1956, akafa kitandani 1967. Gharama walilipa askari Waarabu wa Barkas, wakulima wa Marathwada kule magharibi na wale watoto ambao baba zao waliishia visimani.

Kwa hiyo lawama kwa Nizam sijaondoa hata moja. Ila nilianza uzi nikisema neno ukombozi nalikubali, na baada ya maelezo yako siwezi kulisimamia tena vilevile, maana mama Ailamma alikuwa anajikomboa tangu kabla jeshi halijaja, na jirani yako wa Barkas hakukombolewa na mtu. Na uvamizi nalo halinikai, kwa sababu linamrudishia Nizam haki ya kuwasemea watu ambao hakuwahi kuwauliza kitu.

Mwenye jina ambalo watu wa kijijini kwa Ailamma na wa Barkas wanaweza kulitamka pamoja alete, uzi uko wazi. Na mchangiaji wa 4, kama una wazee waliobaki wenye barua za kutoka Hyderabad miaka ile ya 1948 na 49, tafadhali zipigeni picha kabla hazijaliwa na mchwa.