Mjadala: Muswada unaotugusa watu wa Kusini, kamati itusikilize Mtwara au twende Dodoma?

Mleta mada, Mtwara Mjini

Wadau, naleta hoja iliyonikaa moyoni tangu Juni 2018, mgawo wa ushuru wa korosho ulipofutwa kupitia muswada wa fedha. Naomba tuijadili kwa kina, maana kila bajeti ikikaribia naiona inarudi.

Muswada ukisomwa mara ya kwanza bungeni, hakuna mbunge anayesimama kuujadili. Katibu anasoma jina lake, basi, na Spika anaupeleka kwenye kamati ya kudumu inayohusika. Hatua hiyo wengi wetu hatuifuatilii. Tunasubiri kusomwa mara ya pili, wabunge wanapoanza kuvutana, ndipo tunafungua redio. Wakati huo kwa mwananchi wa kawaida mlango umeshafungwa. Katika safari yote ya muswada, kamati ndiyo mahali pekee ambapo mtu asiye mbunge anaalikwa kukaa mezani na kusema kifungu hiki kitaniumiza, kibadilisheni hivi.

Sasa chukueni ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje. Ni asilimia 15 ya bei ya korosho bandarini au dola 160 kwa tani, inachukuliwa ile iliyo kubwa. Sheria ya Tasnia ya Korosho ilikuwa inasema asilimia 65 ya fedha hizo irudi kuendeleza zao, na 35 iende Hazina. Kutoka kwenye ile 65 ndiko tulikopata salfa (dawa ya kupuliza mikorosho), miche na utafiti. Mwaka 2018 mgawo huo ukafutwa, fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Na haukuletwa muswada wa korosho. Kifungu kile kilikuja ndani ya Muswada wa Sheria ya Fedha, katikati ya vifungu vya kodi ya mapato na kodi ya ongezeko la thamani. Kwa kuwa muswada ulikuwa wa fedha, ukapelekwa Kamati ya Bajeti. Kamati inayoshughulika na kilimo, inayojua salfa hupulizwa mwezi gani, haikukabidhiwa kifungu hicho.

Hotuba ya bajeti ilisomwa 14 Juni. Mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Hesabuni wenyewe mkulima wa Tandahimba alikuwa na siku ngapi za kusikia, kuelewa, kuandika na kusafiri, tena katika majira ambayo mikorosho inachipua na anatakiwa awe shambani na bomba la dawa mgongoni.

Hoja yangu ni kwamba kifungu kinachogusa zao la mkoa kipelekwe pia kwenye kamati ya sekta hata kama kimo ndani ya muswada wa fedha, na kamati hiyo ije kusikiliza maoni kule zao linakolimwa. Karibuni, na anayepinga apinge kwa sababu.

Mkulima, Tandahimba

Naunga mkono. Mimi nazungumzia njia tu. Kutoka huku hadi Dodoma ni kilomita elfu moja na zaidi. Treni mpya imefupisha kipande cha Dar hadi Dodoma, tunashukuru, lakini kipande chetu sisi ni kile cha Lindi, Somanga, Kibiti. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika na Kusini ikatengana na Dar. Wiki hiyo kungekuwa na tangazo la wadau kwenda kutoa maoni Dodoma, nani angefika?

Wakili, Lindi

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri namna muswada unavyopelekwa kwenye kamati, ila dawa uliyoandika sikubaliani nayo yote.

Kwanza tutenganishe miswada. Muswada wa kawaida wa Serikali hutakiwa kuchapishwa katika Gazeti la Serikali siku zisizopungua 21 kabla ya kusomwa mara ya kwanza, isipokuwa ukija kwa hati ya dharura iliyotiwa saini na Rais. Huo muda upo kwa ajili ya mwananchi. Muswada wa Sheria ya Fedha una mbio zake, kwa sababu kodi mpya zinatakiwa ziwe sheria kabla ya Julai. Na Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia muswada wa kutoza kodi au wa kugusa matumizi ya Mfuko Mkuu wa Hazina mpaka Rais apendekeze, kupitia waziri. Kwa hiyo mbunge wa Newala hawezi kuamka akaleta muswada binafsi wa kuurudisha ule mgawo wa 65 kwa 35. Mkono wake umefungwa na Katiba yenyewe.

Pili, na hili naomba ulijibu: mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti mwaka ule alikuwa Mheshimiwa Hawa Ghasia, Mbunge wa Mtwara Vijijini. Hakuna kamati ambayo ingetuelewa kuliko ile. Wabunge wa Kusini walisimama bungeni wakapigania ushuru ule kwa nguvu zao zote, wa chama tawala kwa wa upinzani, na bado kifungu kilipita. Kamati haiandiki sheria. Inamshauri waziri abadilishe. Waziri akikataa, kinachobaki ni mbunge kupeleka jedwali la marekebisho kwenye Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakipitia muswada kifungu kwa kifungu, halafu kura. Mtwara na Lindi kwa pamoja hatuna kura za kushinda jambo ambalo Serikali imeshaliamua. Tulishindwa kwa idadi. Hata kamati ingekuja kukaa uwanja wa Nangwanda Sijaona hapo Mtwara, wangepiga kura ileile.

Mama wa Msimbati

Wakili mwanangu, umeitaja hati ya dharura ukaipita haraka, na mimi hapo ndipo ninapoumia.

Gesi ya Mnazi Bay, huku kwetu Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Mei 2013 Mtwara iliwaka moto kwa sababu ya bomba la kwenda Dar, watu wakapoteza maisha, nyumba zikachomwa. Kilio chetu kilikuwa kimoja, tuelezwe tutapata nini. Ukapita mwaka, ukapita wa pili. Julai 2015 ndipo ikaletwa miswada mitatu kwa mpigo: wa petroli, wa usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na wa uwazi katika uziduaji, yaani uchimbaji wa madini, mafuta na gesi. Yote mitatu kwa hati ya dharura, katika siku za mwisho za Bunge lile, kwani Rais Kikwete alilihutubia na kulivunja tarehe 9 ya mwezi huohuo. Wabunge wa upinzani waliolalamika kwamba muda hautoshi wakaishia kutolewa nje.

Nauliza, gesi iliyokaa chini miaka 33 ilikuwa na dharura gani ya wiki moja? Waliofiwa mwaka 2013 hawakustahili hata kikao kimoja cha kamati pale Mtwara, waulizwe kifungu cha mapato mnakionaje? Mimi si mwanasheria. Lakini kusikilizwa kabla ya jambo kuamuliwa najua kulivyo, na sisi hatukusikilizwa.

Mtumishi mstaafu, Nachingwea

Nakupa pole mama, na kwa ile miswada ya gesi nakubaliana nawe moja kwa moja. Hati ya dharura iwe kwa vita, njaa na maradhi.

Lakini kamati kuzunguka mikoani, napinga. Ikija Mtwara kwa ajili ya korosho, itatakiwa iende Shinyanga kwa pamba, Kagera kwa kahawa, Njombe kwa chai, Tabora kwa tumbaku. Posho, magari, mafuta, walinzi, yote kutoka kodi yetu. Nimehudhuria vikao vingi vya wadau katika utumishi wangu. Ukumbi unajaa viongozi wa vyama vya msingi, maofisa ushirika, watu wa halmashauri na wanunuzi. Mkulima mwenye ekari mbili anakaa nyuma, akipewa kipaza sauti anaambiwa dakika mbili. Tutakuwa tumehamisha kikao cha Dodoma tukakileta hapa na watu walewale.

Mbunge tulimchagua wa nini? Arudi jimboni na muswada mkononi katika zile siku 21, aitishe mkutano, apokee maoni, ayapeleke. Hiyo ndiyo kazi yake na haina gharama mpya.

Mwanafunzi wa chuo, Mtwara

Wenzetu Kenya wameliweka kwenye katiba yao ya 2010, Ibara ya 118: Bunge lazima liwezeshe wananchi kushiriki katika kutunga sheria. Mahakama zao zinapima sheria kwa kigezo hicho. Sisi tungoje nini?

Wakili, Lindi

Na sisi tunalo, kijana wangu. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Ugumu uko kwenye kuidai. Na tusiichukue Kenya nusu. Muswada wao wa Fedha wa 2024 ulipita kwenye kamati, maoni yakakusanywa, na bado vijana wakaingia barabarani mpaka Rais akakataa kuutia saini tarehe 26 Juni. Kusikilizwa bila kuzingatiwa kunaweza kuleta hasira kubwa zaidi.

Mwalimu, Masasi

Jambo moja halijaguswa. Gazeti la Serikali halifiki kijijini, na miaka yote ile miswada iliandikwa kwa Kiingereza wakati Bunge linajadili kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria. Huu ni mlango mkubwa na hatujautumia. Muswada ukichapishwa, nakala ziende kwa watendaji wa kata, zisomwe kwenye mkutano wa kijiji. Siku 21 zinatosha kwa hilo. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanaweza kuusoma muswada na kuwaeleza wazazi wao.

Mzee wa Nachingwea, mbunge kuitisha mkutano ni wazo jema, lakini hakuna kanuni inayomlazimisha. Akikaa kimya siku zote 21, utamfanya nini?

Mleta mada, Mtwara Mjini

Nimjibu wakili kuhusu mwenyekiti, kwa sababu swali lake ni zito.

Mwenyekiti kutoka Mtwara anaongoza kamati yenye muswada wenye makumi ya vifungu kutoka kila pembe ya nchi. Taarifa anayoisoma bungeni ni ya kamati nzima, na kifungu cha korosho ndani yake ni aya chache. Kama kamati ya kilimo ingekabidhiwa kifungu kile na kuandika taarifa yake, ikaweka wazi kwamba tumewasikiliza wakulima Newala, Masasi na Ruangwa na wamesema hiki na hiki, waziri angelazimika kuwajibu wakulima mbele ya taifa. Labda bado angeshinda kwa kura. Lakini angeshinda huku majibu yake yameandikwa kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, na leo tungekuwa na ahadi ya kumshikia.

Na kuhusu muda, tusikubali kuambiwa hautoshi. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukakwama, ukarudishwa kufanyiwa kazi, ukapitishwa Novemba 2023. Miswada ya uchaguzi ilisomwa 10 Novemba 2023, kamati ikasikiliza wadau Januari, Bunge likapitisha 2 Februari 2024. Serikali inapotaka kusubiri, muda unapatikana. Korosho nayo ingepewa miezi mitatu hiyo.

Wakili, Lindi

Hapo nakusogelea. Ila kumbuka hata miswada ya uchaguzi, pamoja na muda wote huo, maoni yalisikilizwa Dodoma.

Ningependekeza jambo ambalo halihitaji safari ya mtu yeyote: kifungu kinachobadilisha sheria ya zao kisiingizwe kabisa kwenye Muswada wa Fedha. Kije kama muswada unaojitegemea, kichapishwe siku 21, na Spika hatakuwa na pa kukipeleka isipokuwa kamati ya kilimo. Mabadiliko hayo yanahitaji kanuni mpya ya Bunge, wala si katiba mpya. Kanuni za Kudumu zimefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Zinaweza kufanyiwa tena.

Mkulima, Tandahimba

Hilo nalikubali kwa mikono miwili. Na sisi wa vyama vya msingi tusingoje tangazo. Barua ya maoni inaweza kuandikwa mapema, Machi au Aprili, ikakaa tayari, ikatumwa siku muswada unapotangazwa. Kamati inapokea maoni ya maandishi. Vyama vyetu vikuu vya ushirika, TANECU na MAMCU, vina maofisa wanaojua kuandika.

Mtumishi mstaafu, Nachingwea

Maandishi naunga mkono. Ni nafuu na yanabaki.

Mama wa Msimbati

Andikeni, wanangu, mimi siwazuii. Lakini barua itaandikwa na ofisa, na ofisa ataandika anayoyajua ofisa. Bomba limepita kwenye shamba langu, fidia naijua mimi, moshi wa kiwanda naujua mimi. Mzee wa Nachingwea anasema mkulima mdogo hupewa dakika mbili nyuma ya ukumbi. Basi tudai apewe nusu saa, na akae mbele. Kiwanda cha gesi cha Likong'o, kule Lindi, kikianza kujengwa, miswada mingine italetwa bungeni kwa jina letu. Wa Lindi waanze sasa kumwambia mbunge wao kwamba kikao cha kamati wanakitaka Lindi, na wamwambie kwa barua iliyosainiwa na kijiji kizima, ili asije akasema hakuambiwa.