Gumzo la familia: kitabu cha SAT cha Zuhura

*Jumamosi jioni*

Mjomba Hamisi: Assalaam aleikum wote. Zuhura, mzigo wako nimeupata. [picha] Kitabu cha SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, kurasa zaidi ya 800, majaribio sita ndani. Mwenyewe alikuwa anahama, kanipa kikiwa hakijaandikwa hata neno. Kesho nakileta.

Mama Zuhura: Wa aleikum salaam. Kaka, Mungu akuzidishie. Wiki nzima nahangaika na jambo hili, kila ninayemuuliza ananitajia kitabu chake.

Zuhura: Shikamoo Mjomba. Ahsante sanaaa! 🙏

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Na hili ulishike tangu leo: swali usilolijua, liruke. Usibahatishe, maana ukikosa wanakukata robo alama.

Salma: Shikamooni wakubwa zangu. Mjomba, samahani nakukatiza. Ile robo alama iliondolewa 2016. Siku hizi ukikosa unakosa swali lile tu, hawakukati chochote zaidi. Zuhura, usiache swali hata moja wazi. Dakika ya mwisho ikifika na bado una manne, jaza yote manne.

Mjomba Hamisi: Kumbe! Mimi niliufanya 2009. Ulikuwa wa alama 2400, na insha lazima uandike.

Salma: Sasa ni 1600, na insha ya lazima haipo, 2021 waliifuta karibu kila mahali. Mjomba, naomba ufungue kurasa za mwanzo, pale penye mwaka wa kuchapishwa. Kimeandikwa mwaka gani?

Mjomba Hamisi: 2019.

Salma: Basi ni cha mtihani wa karatasi. Ule haupo tena. Walioko nje ya Marekani walihamishiwa kwenye kompyuta 2023, na hapa Marekani ikafuata Machi 2024.

Mama Zuhura: Salma mwanangu, kuhamia kwenye kompyuta kunabadilisha nini? Hesabu si zile zile?

Salma: Hesabu nyingi ni zile zile, Mama mdogo. Kilichobadilika ni umbo lote la mtihani. Kwenye kitabu cha 2019 atakuta habari ndefu, karibu ukurasa mzima, ikifuatwa na maswali kumi au kumi na moja. Sasa kila swali lina kifungu chake kifupi, maneno 25 mpaka 150, unajibu moja unaendelea. Mwenye mazoezi ya habari ndefu anafika pale akili imekaa mkao mwingine kabisa.

Salma: Halafu kitabu hicho kina sehemu nzima ya hesabu isiyoruhusu kikokotoo. Leo kikokotoo kinaruhusiwa mwanzo hadi mwisho, na kingine kimo ndani ya programu yenyewe ya mtihani, cha Desmos, kinachora na grafu. Kujua kukitumia ni nusu ya maandalizi ya hesabu, na kitabu cha zamani hakikitaji hata mara moja.

Salma: Na kubwa kuliko yote: mtihani unakusoma. Kila somo lina moduli mbili, yaani vipande viwili vinavyofuatana. Ukifanya vizuri ya kwanza, ya pili inakuja ngumu zaidi, na huko ndiko alama za juu zilipo. Ukiteleza ya kwanza, ya pili inakuja nyepesi, na hata ukiipata yote kuna kiwango huwezi kukivuka. Karatasi haiwezi kukupa zoezi la namna hiyo.

Zuhura: Dada, kwa hiyo moduli ya kwanza ndiyo ya kwenda nayo taratibu?

Salma: Kwa umakini, ndiyo. Ila taratibu sana hapana. Kusoma na kuandika ni maswali 27 kwa dakika 32 kila moduli. Hesabu ni 22 kwa dakika 35.

Mjomba Hamisi: Nimeelewa. Nimeumia kidogo maana nilikuwa na furaha nacho, lakini bora tumejua leo kuliko wiki ya mtihani.

Salma: Mjomba, usikitupe. Kurasa za algebra zinafaa, milinganyo haijabadilika. Asipoteze muda na majaribio yake tu, wala asiziamini alama zake.

Bibi: [ujumbe wa sauti, 0:21]

Mama Zuhura: Mama anasema mtoto asisome usiku wa manane, macho yataharibika. Na anamwombea dua.

Zuhura: Ahsante Bibi ❤️

Mama Zuhura: Sasa Salma, nimnunulie kipi? Kesho naenda maktaba, nikiona kizuri tunaazima kwanza.

Salma: Mama mdogo, kabla ya kununua chochote, Zuhura afanye jaribio moja zima. Programu ni ile ile ya mtihani, Bluebook ya College Board, wenye SAT wenyewe, bure. Akae mezani, saa mbili na robo hivi, mapumziko ya dakika kumi katikati. Makosa yake ndiyo yatakayochagua kitabu. Mimi nilianzia kwenye kitabu, nikasoma miezi miwili mambo niliyokuwa nayajua.

Mama Zuhura: Zuhura, umesikia. Kesho asubuhi. Simu utanipa mimi.

*Jumapili*

Zuhura: Nimemaliza. 1200. Hesabu 640, kusoma na kuandika 560 😔

Mjomba Hamisi: Usiinamishe kichwa. Hapo ni pa kuanzia, siyo pa kuishia.

Salma: Usiangalie jumla kwanza. Fungua matokeo, inakuonyesha swali kwa swali. Chukua daftari, kila ulilokosa andika kwa maneno yako umekosa kwa nini.

Zuhura: [picha ya daftari] Kusoma nimekosa 18. Manane ni alama za uandishi!! Nukta mkato, nukta mbili, mikato. Hesabu nimekosa 9, matatu nilisoma swali haraka, yaliyobaki yananichanganya.

Salma: Umeona? Maswali manane sehemu moja. Hapo ndipo alama zako zilipolala, na ni sehemu inayofundishika, kanuni zake ni chache. Mojawapo: sentensi mbili zinazojitegemea hazishikwi na mkato peke yake. Ama nukta, ama nukta mkato, ama mkato pamoja na kiunganishi. Angalia ni mangapi kati ya hayo manane yanahusu hilo tu.

Zuhura: Ngoja nihesabu

Zuhura: Matano 😳

Mama Zuhura: Mimi niko maktaba. Vipo vitatu. [picha] Kinene chekundu, cha bluu, na kimoja chembamba cha sarufi tupu. Vyote vimeandikwa "dijitali" kwenye jalada.

Salma: Jalada lisikutoshe, Mama mdogo. Vingine ni kitabu cha zamani kilichovishwa jalada jipya. Fungua majaribio ya nyuma. Ukiona habari ndefu yenye maswali kumi chini yake, rudisha kwenye rafu.

Mama Zuhura: Chekundu kina habari ndefu. Ukurasa mzima na nusu.

Salma: Rudisha.

Mjomba Hamisi: Dada, kwa vilivyobaki fungua majibu ya hesabu. Tafuta swali la milinganyo miwili isiyo na jibu, lipo kila kitabu. Tupigie picha maelezo.

Mama Zuhura: [picha] Hiki cha bluu. Swali: 4x − 6y = 10 na 2x − ky = 7, hazina jibu la pamoja, k ni ngapi? Maelezo yameandikwa: "Jibu ni 3. Tazama sura ya 5." Basi.

Mjomba Hamisi: Hayo siyo maelezo. Mtoto aliyekosa anajua sasa kwamba ni 3, lakini kesho akipewa namba nyingine atakosa tena. Zuhura, sikiliza. Mlinganyo wa kwanza ugawe kwa 2 wote. Unapata nini?

Zuhura: 2x − 3y = 5

Mjomba Hamisi: Uweke juu ya ule wa pili: 2x − ky = 7. k ikiwa 3, upande wa kushoto umekuwa kitu kimoja. Lakini mmoja unasema kitu hicho ni 5, mwingine unasema ni 7. Haiwezekani viwe vyote viwili. Kwenye grafu ni mistari miwili inayokwenda sambamba, haikutani. Ndiyo maana hakuna jibu.

Zuhura: Aaah! Mjomba hili ndilo nililokosa leo, niliweka 6 kwa sababu niliiona pale juu 😩

Mjomba Hamisi: Na kitabu kizuri kingekwambia hivyo: aliyechagua 6 amenakili tu bila kugawa. Kinaeleza jibu sahihi, na kinaeleza kila jibu la uongo limetegwa wapi.

Salma: Hapo Mjomba umenigusa. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa na majibu yaliyokosewa kabisa, manne katika sura moja. Kuna swali nililirudia mpaka karatasi ikatoboka kwa kufuta. Nililia, nikaamini hesabu siziwezi. Mwalimu wangu alipoliangalia akaniambia, wewe uko sahihi, kitabu ndicho kimekosea. Siku tatu zangu zilikuwa zimeshakwenda. Tangu hapo sinunui kitabu bila kufanya maswali mawili matatu na kuyalinganisha na majibu yake.

Mama Zuhura: Pole mwanangu. Hukutuambia.

Salma: Nilidhani kosa ni langu, Mama mdogo.

Mama Zuhura: Haya, chembamba cha sarufi. Nimefungua majibu. [picha] Swali moja la nukta mkato limeelezwa nusu ukurasa. Jibu A kwa nini siyo, B kwa nini siyo, C, halafu D. Na chini kuna maswali sita ya namna ile ile.

Zuhura: Mama hicho hicho!!

Salma: Hicho. Kiazime, akikipenda baada ya wiki ndipo ununue chake cha kuandikia. Kwa hesabu hana haja ya kitabu kipya: algebra ya Mjomba, na masomo ya mtandaoni ya Khan Academy, ambayo wameandaa pamoja na College Board na ni bure. Tena kuna benki ya maswali ya College Board wenyewe, unachagua mada na ugumu. Kuna sehemu ya kuondoa maswali yaliyomo kwenye majaribio ya Bluebook, iwashe, ili usije ukayaona kabla.

Zuhura: Majaribio ya Bluebook nifanye moja kila siku?

Salma: Hapana mdogo wangu! Ni machache na ndiyo ya kweli, usiyamalize kwa pupa. Moja kila wiki mbili, na siku inayofuata unakaa na makosa yake tu. Siku ya kukaa na makosa usiiruke hata kama umechoka.

Baba Zuhura: Niko kazini, ndiyo nasoma yote sasa. Swali moja: vipi ule mwingine, ACT? Jirani anasema ndio mrahisi.

Salma: Shikamoo Baba. Vyuo vinavyotaka mtihani vinapokea wowote kati ya hiyo miwili. Kama ataka kujua unaomfaa, afanye jaribio moja la ACT halafu alinganishe. Ila asome kwa kitabu cha mtihani mmoja. Vile vinavyobeba yote miwili kwa pamoja havifiki mbali kwenye wowote.

Baba Zuhura: Marahaba. Tubaki na SAT, ameshaanza.

Mjomba Hamisi: Mimi najitolea Jumatano na Ijumaa saa moja jioni, kwa simu ya video. Zuhura, chagua maswali ya hesabu uliyokosa, unanieleza wewe, mimi nasikiliza.

Zuhura: Ndiyo Mjomba 🙏 Yale sita yanayonichanganya ndiyo ya kwanza.

Mama Zuhura: Nimeshakiazima, wiki tatu. Natoka maktaba sasa.

Zuhura: Mama kabla hujaendesha, nipigie picha ukurasa ule wa maswali sita. Nataka nijaribu kabla hujafika.

Mama Zuhura: [picha]