Uvimbe kwenye titi: je, arudie kipimo kwa sindano nene?

Mkaazi wa Kondele, Kisumu
Habari zenu. Dada yangu mwenye umri wa miaka 41 alitobolewa uvimbe wa titi kwa sindano nyembamba, na majibu yakasema hakuna chembe za saratani zilizoonekana. Daktari mwingine, baada ya kumpapasa na kuitazama picha ya ultrasaundi, anataka arudie kwa sindano nene. Mama mkwe wake anashikilia kwamba uvimbe ukichokozwa ugonjwa huamka. Je, kuna haja?

Muuguzi, Nakuru
Haja ipo, tena kubwa. Sindano nyembamba hufyonza chembe tu. Inaweza kupita kando ya penye ugonjwa, na hata ikizinasa chembe za saratani, haionyeshi kama zimekwisha kutoka ndani ya mifereji ya maziwa na kuingia katika nyama iliyo karibu. Sindano nene hukata vijipande vya nyama ambavyo mpatholojia, yaani daktari anayechunguza nyama kwa hadubini, huviona vikiwa na mpangilio wake, na saratani ikipatikana, hupimwa kwenye vipande hivyohivyo vipokezi vya homoni na HER2 (protini za chembe za saratani), ambavyo ndivyo vinavyoongoza uchaguzi wa dawa. Majibu ya sindano huaminiwa yanapopatana na mkono wa daktari na picha. Yakipingana navyo, kipimo hurudiwa. Ile hofu ya kuamsha ugonjwa nimeisikia hata kwa wasomi, lakini kinachoupa ugonjwa nafasi ni kuchelewa.

Aliyepimwa, Kakamega
Mimi iliyoniuma ni ganzi, tena kwa muda mfupi. Baada ya hapo nilihisi msukumo tu, na mlio mkavu kama wa steepla kila kipande kilipokatwa. Yangu ilikuwa faibroadenoma, uvimbe usio saratani. Kama dada anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, aseme mapema.

Wa maabara
Vipande viingie katika fomalini, dawa ya maji ya kuhifadhi nyama, mara moja na vikae humo kwa muda wa kati ya saa 6 na 72, la sivyo vipimo vya vipokezi huweza kupotosha. Mkikabidhiwa chupa muipeleke wenyewe, msiilaze nyumbani hadi Jumatatu, na hakikisheni imeandikwa jina na upande wa titi.

Mkaazi wa Kondele, Kisumu
Nashukuru. Je, tubebe majibu ya kwanza?

Muuguzi, Nakuru
Yabebeni pamoja na picha, na muombe pia vile vioo vya maabara vilivyopakwa chembe za sindano ya kwanza, kwa sababu mpatholojia atataka kuvilinganisha na vipande vipya.