Vita ya Goma na Bukavu: imekutoa nini, imekupa nini? Tupeane uzoefu

Dagaa_Mwanza
Wakuu, mikataba tumeisoma: Kinshasa na Kigali walisaini Washington 27 Juni 2025, Kinshasa na waasi wa M23 wakasaini tamko lao Doha mwezi uliofuata. Hizo ni hesabu za wakubwa. Mimi nataka za nyumbani kwako. Na waliofaidika waseme pia, msione haya. Naanza: mteja wangu wa Goma alichukua dagaa kwa mkopo Januari 2025, wiki mbili kabla mji haujaanguka. Bado yupo hai, tunasalimiana. Deni sijaligusia, nitaanzaje?

Wa_Himbi
Basi nitasema mimi niliyefaidika. Goma, natoa na kuweka pesa za simu. Benki zilifunga M23 walipoingia, dola za mkononi zikapotea mjini. Ukiwa na noti, wewe ndiye benki. Nilikuwa nakata dola tano kwa kila mia, na watu walipanga mustari tangu asubuhi. Mwalimu wa watoto wangu alikuja kutoa mshahara, nikamkata kama wengine wote. Nyumba yangu ya mbao sasa iko ya matofali.
Lakini dada yangu alikuwa kambi ya wakimbizi ya Bulengo na watoto watatu. Februari wakaambiwa wabomoe, warudi kwao. Kufika Masisi, shamba lake la maharagi linalimwa na mtu mwingine. Kila mwezi namutumia kitu. Sasa niandike faida ao hasara?

Kivu_Kusini
Bukavu, mwaka wa mwisho chuoni. Nilivuka mto Rusizi kuingia Burundi, nikalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Imenitoa diploma, imenipa Kirundi kidogo.

Mchimbaji
Watu husema vita ni koltani, yale madini ya simu. Sawa, mimi nilikuwa machimbo ya Rubaya kabla ya M23 kuichukua Aprili 2024, na nikabaki baada ya hapo. Tulilipa wanamgambo wa zamani, tukalipa hawa wapya. Shimo ni lile lile, koleo ni lile lile, udongo ukishuka hauulizi nani anatawala. Anayepata faida sijawahi kumuona akiwa na matope.

Dagaa_Mwanza
@Wa_Himbi, yule mwalimu ulimrudishia?

Wa_Himbi
Hapana. Na watoto wanasoma kwake mpaka leo.