UKOO WA KITETE 🏡: Baba Neema karibu anarudi kutoka kulinda amani Kongo

Shangazi Tabora: We Baba Neema nimeona tiki za bluu toka asubuhi hujajibu. Vitenge vyangu vipi? Vile vya kikongo kabisa, doti mbili, usije ukanipitishia vya Kariakoo ukasema umetoka navyo huko

Dogo Side: Hahahaha shangazi mwache komandoo apumue

Baba Neema: Shikamoo shangazi. Shikamooni wakubwa wote. Mtandao hapa ni wa kuwinda, mpaka upande juu ya kontena upande wa tenki la maji ndo unapata vijiti viwili, na ukishavipata kuna foleni ya watu kumi wanakusubiri ushuke

Shangazi Tabora: Marahaba mwanangu. Sasa unafika lini nije na ngoma mpaka uwanja wa ndege, nimeshaongea na kina mama wa kikundi

Baba Neema: Tarehe siiweki humu shangazi na naomba mtu yeyote asiiweke hata kama anaijua. Humu tumo watu wengi na kuna namba nyingine hata cjui ni za nani. Tukishatua Dar mtajua

Mama Neema: Mimi sijamwambia mtu 🙄

Mjomba Mwanza: Siri ya nini tena, si mnarudi nyumbani nyie, ingekuwa mnaenda ningeelewa

Baba Neema: Mjomba siku za mwisho ndo mbaya kuliko zote. Watu wanalegea. Unakuta mtu yuko lindo la saa nane usiku lakini akili yake ishafika Gongo la Mboto inapakuliwa ubwabwa. Juzi sajenti wetu kapita lindo kwa lindo anawauliza vijana swali moja tu, uko wapi? Ukimjibu Beni, yaani huku Kongo tulipo, anakuacha, ukicheka anakukalisha nae hapohapo mpaka asubuhi

Da Zai (admin): Haya umeshapata vijiti vyako viwili hebu tuhadithie kidogo. Mwaka mzima tunapata "niko salama" tu

Baba Neema: Ngoja niandike basi maana nimetoka lindo na usingizi umegoma. Da Zai mimi nilivyoondoka nilidhani nakuja vitani, yaani ile ya kusimuliwa, mnasonga mbele mnateka kilima mnapiga picha. Kumbe kazi kubwa ya huku ni barabara. Kambi iko Mavivi karibu na uwanja wa ndege wa Beni, ukitoka hapo unaenda Mbau, Oicha, mpaka Eringeti, pembeni yote ni msitu na mashamba ya kakao, na siku mawingu yakikubali unaiona Ruwenzori kwa mbali. Pale Mbau ukikunja kulia ndo njia ya Kamango, kambi ya Semuliki iko huko. Semuliki mnaikumbuka, 7 Desemba 2017, kambi ilishambuliwa, wenzetu 15 waliuawa. Mpaka leo ikitajwa hata yule mpenda mizaha kuliko wote ananyamaza. Basi sisi asubuhi tunatoka doria ili kina mama wafike shamba, jioni tunatoka tena ili warudi, katikati hapo unasimama. Kusimama tu. Mvua inakunyeshea, jua linakuwakia, watu wanapita, unawaangalia mikono

Da Zai (admin): Desemba ile nilikuwa zamu ya usiku wodini, majeneza yanaonyeshwa kwenye TV na bendera juu, mgonjwa mmoja akasema zimeni. Tukazima

Dogo Side: Bro sasa kiukweli umeua wangapi 😅

Mama Neema: Side

Da Zai (admin): Side futa hiyo meseji

Baba Mkubwa: HAPA NI BABA MKUBWA MJUKUU ANANIANDIKIA. USIFUTE IBAKI WATU WASOME. HILO SWALI HALIULIZWI. MIMI NILIPORUDI KUTOKA VITA YA UGANDA MWAKA 79 KILA NILIYEKUTANA NAYE STENDI TABORA ALINIULIZA HILO HILO. HAKUNA HATA MMOJA ALIYENIULIZA KAMA NALALA

Dogo Side: Shikamoo baba mkubwa, nisameheni jamani

Baba Neema: Shikamoo baba mkubwa. Side sijakasirika, hata vijana wapya wanatuuliza hivyohivyo siku ya kwanza. Mara nyingi hujui. Unapiga gizani kwenye majani kwa sababu majani yamekupiga wewe kwanza, alfajiri mnaenda kuangalia na wewe moyoni unaomba msikute kitu. Naishia hapo na nikirudi usinirudishe hapo

Mjomba Mwanza: Mimi naomba niseme ukweli msinichukie. Hiyo brigedi yenu ya Umoja wa Mataifa ipo toka 2013. Miaka yote hiyo na bado kila siku tunasikia watu wamechinjwa Beni. Tunapeleka watoto wetu kufanya nini hasa?

Shangazi Tabora: Mjomba nae!!! Mtoto hajarudi hata nyumbani

Baba Neema: Mwacheni, hilo watu wa huku wanatuambia usoni. Julai 2022 waliingia barabarani Goma, Butembo na hapa Beni wakitaka MONUSCO, hiki kikosi cha Umoja wa Mataifa tulichomo, ifungashe iondoke, watu wakafa na walinda amani pia wakafa. Kwa hiyo mjomba hujasema jipya. Na aliyezika watoto wake sina cha kumjibu, namsikiliza tu.

Ila uelewe na kazi yenyewe ilivyo. 2013 Umoja wa Mataifa ulipitisha lile azimio 2098, ndo likatuingiza sisi na Afrika Kusini na Malawi, tukaruhusiwa kuyafuata makundi yalipo tukayapiga, sio kukaa kambini na kungoja. Na kamanda wa kwanza alikuwa wa kwetu, Jenerali Mwakibolwa. Novemba ya mwaka huohuo waasi wa M23 wakashindwa. Nchi nzima tukashangilia tukaona imekwisha. Januari 2025 M23 haohao wakaingia Goma. Waliokuwa upande wa Goma na Sake ni wenzetu wa kikosi cha SADC, sisi tuko kaskazini huku na adui wetu ni mwingine, waasi wa ADF, walianzia Uganda miaka ya tisini huko. Hawa hawana mji wa kuuteka. Wanatembea msituni vikundi vidogo vidogo, wanatokea shambani wakati watu wanavuna, panga na moto, halafu hawapo. Mnaitwa, mnawasha deraya, deraya inazama kwenye tope mnaanza kuivuta, mkifika mnakuta majivu na mbuzi mmoja anazunguka. Hapo ndo raia anakuangalia ile helmeti yako ya bluu na wewe hujui uangalie wapi

Baba Mkubwa: SISI TULIJUA TUNAPOKWENDA. MUTUKULA MASAKA LUKAYA. TAREHE 11 APRILI TUKO KAMPALA. ADUI ALIKUWA NA IKULU UKIINGIA IMEKWISHA. HUYU WAKO HANA IKULU. KAZI YAKO NGUMU KULIKO YANGU NASEMA MBELE YA UKOO

Mjomba Mwanza: Sawa mzee. Nimeelewa. Bado nauliza lakini

Baba Neema: Uliza mjomba, na mimi najiuliza. Kuna mama mmoja alikuwa anapita kizuizini kwetu karibu kila asubuhi, kikapu mgongoni kamba imepita kwenye paji la uso, ndo wanavyobeba huku, mtoto mbele kwenye kitenge na jembe mkononi. "Jambo yenu." Tunamuitikia. Siku moja karudi na ndizi mbivu mkungu mzima anataka kutupa. Sisi kujichanganya na raia ni marufuku, sheria ya UN kali na ina sababu zake, kuna watu huko nyuma waliharibu, kwa hiyo nikamwambia mama asante hatupokei. Akaziweka chini pembeni ya magunia ya mchanga akaenda zake bila kugeuka. Zile ndizi zikakaa pale mpaka zikawa nyeusi, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuzigusa mbele ya afande.

Baadaye kukawa na shambulio kule ndani, usiku kucha barabara imejaa watu, godoro kichwani, kuku mkononi, wanaelekea Oicha. Tangu hapo sijamwona. Nikamuuliza kijana wa pikipiki anayepeleka abiria huko, akasema wa kijiji kile wengi wamekimbia, wengine hawakuwahi. Sikuuliza tena. Sasa mjomba ukiniuliza tumefanya nini, kuna asubuhi nyingi yule mama alienda akarudi. Na kuna moja cjui. Zote mbili ni za kwangu

Da Zai (admin): 🙏🏾

Shangazi Tabora: Mungu amlinde popote alipo. Mwanangu vitenge acha, rudi wewe tu

Baba Neema: Hapana shangazi vitenge vipo 😂 vimeshafungwa. Wiki nzima hii ni kuhesabu, mpaka mkebe wa kulia chakula unasainiwa. Wenzetu wanaotupokea wameanza kuingia, wamenyooka, pasi mpaka kwenye mfuko wa suruali, wanauliza maswali yaleyale tuliyouliza sisi. Na raia nao wameshajua. Wanatuuliza, "Mukienda, tutabakia na nani?" Unamwonyesha hawa wapya, anatikisa kichwa. Wameshazoea, kila mwaka sura mpya inajifunza njia upya

Dogo Side: Nishani mmevishwa?

Baba Neema: Tulishavishwa. Ukitimiza siku 90 unapewa, na ni ileile kwa mpishi, fundi wa jenereta na sisi wa doria. Kuna wanaonung'unika, mimi hapana. Mpishi wetu aliwahi kupika ugali chini ya meza wakati milio inaita, wala haukuungua

Shangazi Tabora: Na dola je 😁 maana huku watu wanaongea

Baba Neema: Nilijua tutafika hapo. Nimesikia kuna bajeti imeshakaa kwa jina langu, bati za shangazi, ada ya Side, send off ya binti wa mjomba mimi ndo nimeandikwa wa kwanza kwenye karatasi. Naomba niseme mara moja. Hela kubwa UN wanailipa serikali, sio mimi. Posho ya mkononi ya UN kwa siku ni dola 1.28, ndiyo hesabuni vizuri, moja nukta ishirini na nane, ni soda na vocha. Posho ya nyumbani ipo siikatai na nashukuru, lakini imeshakuwa tofali Chanika. Mnaweza kwenda kuziangalia, zimepangwa

Mjomba Mwanza: Ile karatasi sikuandika mimi

Shangazi Tabora: Mwandiko tunaujua mjomba 😂😂😂

Baba Neema: Send off nitachangia kama ndugu wengine. Sasa na mimi nina ombi. Ngoma uwanjani msije nayo, shangazi nisamehe sana. Fataki msiwashe, mtoto wa jirani akiwa nazo mumnunulie pipi azitoe. Mkinikuta nimelala niiteni kwa jina kutoka mlangoni, msiniguse. Na kama mtaona niko nje usiku nimesimama tu pale getini, sina ugonjwa, ni saa ya lindo haijatoka mwilini

Da Zai (admin): Hayo yote sawa. Ila usingizi ukiendelea kugoma ukiwa nyumbani usijikaushe, nenda hospitali ya jeshi Lugalo uongee na daktari. Mimi nawaona wodini wanakuja wakiwa wameshachelewa, wengine mpaka pombe imewamaliza, wanaume mnapenda kusema niko fiti

Baba Neema: Sawa dada

Baba Mkubwa: MSIKILIZE DADA YAKO. SISI HATUKUWA NA WA KUTWAMBIA. MAMA YENU MKUBWA ALILALA CHUMBA CHA WATOTO MWAKA MZIMA ALIKUWA ANANIOGOPA. HILI SIJAWAHI KULISEMA

Da Zai (admin): Baba mkubwa 😭

Mama Neema: Asante baba kwa kusema. Neema anawaambia watoto wenzie baba yake anakaa kwenye simu, juzi chaji imekwisha kalia mpaka kalala. Mimi nina swali moja tu na nitaliuliza hapahapa maana nikiuliza pembeni mtandao unakata. Nimesikia kwa wake wa wenzio kwamba mnaulizwa nani yuko tayari kwenda tena. Umeweka jina?

Dogo Side: Mtandao usikate sasa hivi 😂

Baba Neema: Haujakata. Sijaweka

Mama Neema: Hujaweka bado au hutaweka

Baba Neema: Kwa kujitolea siweki. Nikiamriwa nitaenda, mimi sio mtu wa kumwambia kamanda leo sitaki, na hilo ulilijua kabla ya mahari. Lakini kunyoosha mkono mwenyewe hapana, sio kwamba naogopa, kuna vijana hawajaoa wanalilia nafasi na mimi nataka niione ile nyumba inapanda mpaka kwenye lenta

Mama Neema: Basi. Hilo tu nilikuwa nalitaka

Shangazi Tabora: Haleluya 🙌🏾 sasa tupange, akishatua anakuja Tabora moja kwa moja, mbuzi yupo

Baba Mkubwa: AJE TABORA KWANZA. NINA MAZUNGUMZO NAYE

Mama Neema: Baba shikamoo tena, kwa heshima zote, anashukia Dar na anakaa kwake wiki mbili na mtoto wake. Ndo aje Tabora

Dogo Side: 👀

Baba Mkubwa: MBILI SAWA MWANANGU. TATU NAKUJA MWENYEWE NA TRENI