Asetoni, thina, IPA (spiriti ya isopropili) au mafuta taa: ipi inatoa gundi ya stika bila kuharibu kibao?

MabangoKariobangi
Wadau habari zenu. Nina kibanda cha mabango hapa Kariobangi Light Industries. Juzi mteja kaniletea kazi tatu za kung'oa stika kuukuu: kibao cha alumini, kibao cha perspeksi (ile plastiki ngumu kama kioo) na mlango wa pikapu. Zote nikazipiga asetoni. Alumini isiyo na rangi ilitoka safi kama kioo. Perspeksi imeingia ukungu, na rangi ya mlango imehamia kwenye kitambaa changu. Perspeksi nishailipa. Sasa nataka ninunue dawa moja tu ya kukaa nayo. Ipi?

MamaKucha
Pole, ila umenichekesha. Kucha za bandia za akriliki tunazitoa kwa asetoni hiyo hiyo. Perspeksi nayo ni akriliki. Ulitarajia ipone vipi?

MwalimuKemia
Mama kamaliza nusu ya somo. Asetoni huchanganyika na maji kabisa, na bado inayeyusha mafuta, gundi, rangi na plastiki nyingi. Perspeksi, polistirini ya vikombe vyeupe na ABS ya makasha ya redio, zote inazila. Haili polithini ngumu ya jerikeni, ndiyo maana inauzwa humo.

Halafu ina haraka. Usawa wa bahari huchemka nyuzi 56. Hapa Nairobi, mita 1,700 na kitu juu, ni karibu nyuzi 50, kama vile maji ya chai yanavyochemka kabla ya kufika 100. Gundi nene haijalainika, asetoni imeshapaa. IPA huchemka nyuzi 82, tapentaini ya dukani ni 150 kwenda juu. Kwa gundi iliyokauka miaka, dawa inayokawia ndiyo hufanya kazi.

SimuLuthuli
IPA tu, boss. Natolea gundi ya skrini na mabaki ya kulehemu kila siku, bodi haidhuriki. Thina siiruhusu mezani kwangu.

MzeeWaSprei
Thina unaionea bure. Lakini ujue thina si kitu kimoja. Ni mchanganyiko, mara nyingi toluini ndani yake, na kila duka lina yake. Mimi niko Grogan, kwenye gereji za Nairobi, miaka mingi, nimeona mkebe wa leo na wa wiki jana vikifanya kazi tofauti kabisa. Mlango wa pikapu usiuguse kwa thina wala asetoni, hasa kama rangi ilipigwa mtaani. Pasha stika kwa hea draya, ivute polepole, gundi iliyobaki ipanguse kwa tapentaini.

Na wale wanaochanganya rangi na asetoni ili ikauke upesi: Julai hii mtalia. Inapaa kwa kasi, uso wa rangi unapoa, unyevu wa hewa unatua juu yake, kazi inapauka.

MwalimuKemia
SimuLuthuli, kwa alumini iliyopakwa rangi nakuunga mkono. Kwa perspeksi iliyokatwa kwa leza, hapana. Ukingo wa leza una mkazo ndani yake, na spiriti yoyote ikiugusa huweza kutoa nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Hapo mafuta taa ndiyo salama zaidi: kitambaa laini, usisugue kwa nguvu, kisha maji ya sabuni.

SimuLuthuli
Mafuta taa? Ya stovu?

MwalimuKemia
Ya stovu.

MamaKucha
Mkinunua asetoni ya kupimiwa, ipeleke kwenye mizani. Lita moja safi ni gramu 790 hivi. Ikielekea 850, umeuziwa maji. Halafu mimina kidogo kwenye glasi ya maji: ikifanya maziwa au tabaka la juu, hiyo ina thina. Mimi nimeuziwa zote mbili, wiki moja.

MzeeWaSprei
Na jiko liwe mbali. Mvuke wa asetoni ni mzito mara mbili ya hewa, unatambaa sakafuni kama paka. Unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, sembuse asubuhi ya Nairobi. Jirani yangu alikuwa anasafisha bunduki ya sprei, mama wa githeri yuko mlangoni na makaa. Nyusi zilichukua miezi kurudi.

MabangoKariobangi
Nimejaribu mafuta taa kwenye kile kipande nilichoharibu, upande uliobaki mzima. Gundi imelainika kama dakika kumi, imetoka na kadi ya plastiki. Harufu ilibidi niioshe mara mbili ndipo stika mpya ikashika. IPA nimechukua lita moja ya alumini zenye rangi. Asetoni iliyobaki, MamaKucha, ukitaka njoo uichukue, ila uje na mizani yako.

MamaKucha
Nakuja Jumamosi.