Nilitolewa kundini kwa kutoelewa mstari mmoja: naomba kueleweshwa lugha ya mkato ya gemu za mtandaoni

Mgeni_Pangoni aliuliza:

Ndugu wachezaji, salaam. Nina mwezi mmoja na nusu tangu nianze kucheza gemu ya mtandaoni ya kinjozi, ile ambayo wachezaji watano huungana, wakaingia pangoni na kupambana na maadui wanaoendeshwa na kompyuta. Kucheza kwenyewe nimeanza kukumudu, kwa maana vitufe vyangu navijua, uwezo wa mhusika wangu naujua, na nikiwa peke yangu sifi ovyo. Kinachonishinda ni maandishi ya wenzangu kwenye kisanduku cha gumzo.

Jana usiku tulikuwa tumesimama mlangoni mwa chumba cha tatu. Kiongozi wa kundi akaandika mstari huu, ambao nimeunakili kama ulivyo: "heals OOM w8. CC moon. LOS pull, no AoE". Katika mstari mzima nilitambua neno moja tu, "pull", ambalo najua ni kuvuta, nikadhani naambiwa niwavute maadui. Nikaingia mbele ya wote na kulipua moto wangu mkubwa katikati ya chumba. Hazikupita sekunde kumi, sote watano tulikuwa chini. Hakuna aliyenitukana. Mmoja aliandika "gg", kisha likatokea dirisha la kuniarifu kwamba nimeondolewa kundini kwa kura.

Nimeshapitia orodha kadhaa za vifupisho na kukariri nilichoweza, lakini nikirudi mchezoni bado sielewi. Orodha moja inaniambia kwamba LOS ni mstari wa kuona. Sasa mstari wa kuona unavutwaje? Naomba mnieleze mstari ule ulinitaka nifanye nini hasa, na ninyi wenyewe mlijifunza kwa njia gani.

Mponyaji_Mkongwe alijibu:

Ndugu yangu, pole sana. Mimi nacheza nafasi ya mponyaji, na mistari ya namna hiyo naisoma kila siku, kwa hiyo niruhusu niuchambue kipande kwa kipande. Utaona kwamba orodha yako haikukudanganya. Ilikupa maana ya herufi bila kukupa kazi yake, na katika mapambano kifupisho karibu kila mara ni agizo kwa mtu fulani.

"Heals OOM w8" maana yake mponyaji ameishiwa mana, yaani ile nguvu inayolipia kila uponyaji, kwa hiyo subirini. Hiyo w8 inasomwa kwa sauti: tamka w, kisha utamke tarakimu 8 kwa Kiingereza, utasikia neno la kungoja. Ukiona OOM, angalia upau wa buluu chini ya jina la mponyaji wako. Kama uko karibu na sufuri, usiguse kitu mpaka ujae.

"CC moon" ina sehemu mbili. CC ni kumzuia adui asipigane kwa muda, kwa kumlaza, kumgandisha au kumgeuza mnyama. "Moon" ni alama ya mwezi ambayo kiongozi alikuwa ameiweka juu ya kichwa cha adui mmoja. Inawezekana hukuiona kwa sababu macho yako yalikuwa kwenye maandishi. Makundi mengi huweka fuvu juu ya adui wa kuuawa kwanza, na alama nyingine juu ya yule anayetakiwa kulala. Jambo la kushika hapa ni kwamba uzuio wa aina hii mara nyingi huvunjika adui akiguswa na pigo lolote, hata dogo. Ndiyo maana mstari ukaishia na "no AoE". AoE ni pigo linaloenea eneo zima badala ya kumlenga mmoja, na moto wako mkubwa ulikuwa ni huo hasa. Ulimwamsha wa mwezi, ukawaunguza na wenzake, wote wakakugeukia.

Sasa "LOS pull", ambayo ndiyo iliyokuponza zaidi. Maadui wanaopiga kwa mishale au uchawi hawana haja ya kukusogelea. Wakikuona, husimama mbali na kukushambulia kutoka huko huko. Kuwakusanya ni vigumu, kwani kila mmoja amesimama kona yake. Basi tanki, yaani mchezaji mwenye ngao anayekubali kupigwa kwa niaba ya wengine, huwarushia kitu kimoja kisha hukimbilia nyuma ya ukuta. Wakishindwa kumwona hulazimika kumfuata, wanapinda kona, na wanafika wote mahali pamoja akiwa anawasubiri. Mpango huu unamtaka kila mchezaji awe nyuma ya ukuta. Akibaki mmoja tu mahali peupe, maadui wanapata wa kumpiga na hawana sababu tena ya kusogea.

Kwa hiyo agizo lako lote lilikuwa: simama nyuma ya ukuta, ngoja, usilipue. Katika mistari ya namna hii neno "pull" ni kazi ya tanki isipokuwa jina lako limetajwa. Unapoona mstari usioufahamu, jiulize kwanza ni nani anayeambiwa. Wewe ni mpigaji, yaani mwenye kazi ya kuwaumiza maadui. Yatafute yanayomhusu mpigaji, na mengine waachie wenyewe. Hivyo ndivyo nilivyojifunza mimi: nilianza na vifupisho vya mponyaji peke yake, vingine vikaja vyenyewe baada ya kuonekana mara nyingi.

Kuna neno lingine ambalo hukuliuliza, nalo utalihitaji leo hii: "aggro". Ni hali ya adui kumchagua mtu wa kumshambulia. Gemu nyingi za aina hii huweka hesabu ya siri kwa kila adui, nani amemuumiza kiasi gani na nani ameponya wenzake kiasi gani, na mwenye hesabu kubwa ndiye anayefuatwa. Tanki ana mbinu za kuikuza hesabu yake, lakini anahitaji sekunde chache za mwanzo. Mpe sekunde hizo kabla hujaanza kupiga, nami nitakuwa na mtu mmoja tu wa kumponya badala ya watano.

Dalali_wa_Mnada alijibu:

Ndugu Mponyaji amemaliza habari za pangoni, nami naongeza za sokoni na za kutafuta kundi, ambako vifupisho ni vichache na vina mpangilio. WTS ni mtu anayeuza, WTB ni anayenunua, WTT ni anayetaka kubadilishana. Herufi k baada ya tarakimu ni elfu, kwa hiyo 5k ni 5,000. PST ni ombi kwamba umwandikie kwa ujumbe wa faragha.

LFG huandikwa na mtu aliye peke yake anayetafuta kundi. LFM huandikwa na kundi linalotafuta watu. Tarakimu ikiingia katikati, inataja nafasi zilizobaki, hivyo utaona kiongozi yule yule akiandika LF3M, kisha LF2M, kisha LF1M kadiri kundi linavyojaa. Kifupisho hicho kikifuatiwa na DPS, anatafuta wapigaji kama wewe. DPS kwa asili ni kipimo: ukitoa madhara 12,000 ndani ya sekunde 60, DPS yako ni 200. Watu wakazoea, wakamwita mpigaji mwenyewe kwa jina la kipimo chake.

Kamusi_Hai alijibu:

Nakubaliana na waliotangulia, ila naomba kutahadharisha jambo moja ambalo naona limewapotosha wageni wengi: kifupisho hakina maana moja kwa gemu zote, wala kwa sentensi zote za gemu moja. FPS ni mfano ulio wazi. Mtu akisema "napenda FPS", anazungumzia gemu za kulenga shabaha ambazo mchezaji huona kwa macho ya mhusika. Akisema "FPS yangu imeshuka hadi 20", anazungumzia idadi ya picha ambazo kompyuta yake inachora kwa sekunde, na anakueleza kwa nini anachelewa kujibu. "Ping" nayo ni hivyo hivyo. "Ping yangu ni 250" ni milisekunde ambazo ujumbe unachukua kwenda kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha gemu, na kurudi. Lakini "ping ramani" ni ombi la kubonyeza mahali fulani pamulike ili wenzako wapaone. Mtu akikuomba la pili ukamjibu kwamba mtandao wako uko sawa, mmeshapishana.

Nahau nazo zina asili, na ukiijua asili husahau kwa shida. Nilipoanza, nilidhani "mob" ni kundi la watu wenye fujo, kwa kuwa ndiyo maana ya neno hilo katika Kiingereza cha kawaida, nikawa nashangaa inakuwaje adui mmoja aitwe kundi. Kumbe limekatwa kutoka neno lenye maana ya kinachotembea. Lilitoka katika MUD, gemu ya maandishi matupu iliyoanzishwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kisha ikaendelezwa na Richard Bartle. Humo ndani viumbe waliojisogeza wenyewe walihitaji jina la kuwatofautisha na vitu visivyosogea. Wachezaji wa gemu za namna ile walicheza kwa kuchapa amri, na mkono ule ule uliopigana ndio uliozungumza, kwa hiyo kila herufi iliyookolewa ilikuwa na thamani. Sababu hiyo haijaisha hata leo tunapotumia kipanya na vitufe.

"Kite" ni tiara. Mchezaji hukimbia huku adui akimfuata kwa nyuma bila kumfikia, naye akimpiga kwa mbali, mfano wa mtoto anayekimbia na uzi huku tiara ikimfuata. "Tank" ni kifaru cha vita, kwa ajili ya ile siha yake ya kupokea mapigo. "Nerf" ni jina la kibiashara la vifaa vya kuchezea vya watoto vilivyotengenezwa kwa sponji laini. Watengenezaji wa gemu wakipunguza nguvu ya silaha, wachezaji husema imekuwa "nerf", kana kwamba upanga umegeuzwa sponji. Kinyume chake ni "buff". Ukisoma maelezo ya toleo jipya ukakuta mhusika wako chini ya neno mojawapo, utajua ufurahi au ujiandae.

Sauti_Tulivu alijibu:

Ndugu Mgeni, mimi nataka kuzungumzia ile "gg" uliyoandikiwa, kwa sababu naona ilikuumiza kuliko kufukuzwa kwenyewe. Herufi hizo mbili ni za kusema kwamba mchezo ulikuwa mzuri, nazo huandikwa mwishoni, mara nyingi na pande zote mbili, kama wachezaji wanavyopeana mikono baada ya mechi. Mwanzoni huandikwa GLHF, ya kutakiana bahati na furaha. Katika mashindano ya gemu ya StarCraft, mchezaji anayeona hana tena njia huandika "gg" na kutoka. Ni namna yake ya kukiri kushindwa kwa heshima. Kutokana na hapo, watu wakaanza kuiandika kila jambo linapoharibika, kwa maana ya kwamba yamekwisha. Nadhani mwenzako alimaanisha hivyo: tumekufa, basi. Si tusi.

Tusi ni "gg ez", ambayo inamwambia aliyeshindwa kwamba kumshinda kulikuwa rahisi. Watengenezaji wa gemu ya Overwatch walichukizwa nayo kiasi kwamba mwaka 2016 waliifanya gemu yenyewe ibadilishe maneno hayo, kila anayeyachapa yatokee maneno mengine ya unyonge au ya upole badala yake. Sijawahi kuona hatua ya watengenezaji iliyonipendeza kama hiyo.

Zingatia pia kwamba seva nyingi zina watu wa lugha nyingi. Msururu wa 555 kutoka kwa Mthai ni kicheko, kwa kuwa tano kwa Kithai hutamkwa "ha". Mjapani akiandika www anacheka, na akiandika 888 anakupigia makofi. Mchina akikuandikia 666 anausifu ustadi wako, na wala hakuhusishi na mnyama wa kitabu cha Ufunuo. Niliwahi kumfungia mtu ujumbe kwa sababu ya hiyo 666, nikiamini ananitisha, naye alikuwa amenisifu kwa pigo zuri. Nilipoelewa, nilimfungulia na kumwomba radhi, lakini hakuwahi kurudi mtandaoni nikiwepo, na jambo hilo bado linanisumbua.

Kwa hiyo uliza. Andika "sijaelewa, mimi mgeni" kabla ya pambano, hata kwa Kiingereza cha kubabaisha. Kwa uzoefu wangu, makundi mengi yatakusubiri dakika moja kwa hiari, kwa kuwa kufa wote na kurudi kwa miguu kutoka makaburini, ambako wahusika waliokufa hufufukia, kunachukua zaidi ya hiyo.

Mgeni_Pangoni aliandika tena:

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Leo nimerudi katika pango lile lile na kundi jingine. Mbele ya chumba cha tatu, tanki aliandika "LOS here" na kumulika kona kwenye ramani. Nilisimama alipomulika, mgongo ukutani, nikaondoa kabisa kidole kwenye kitufe cha moto. Maadui wanne wakapinda kona mmoja baada ya mwingine, wakajikusanya mbele ya ngao yake. Nilihesabu hadi tatu, kisha nikaanza na mwenye fuvu.

Mwishoni waliandika "gg", nami nikaandika "gg". Limebaki swali moja: mponyaji aliongeza "ty, np, o7". Mbili za kwanza nimezikisia kuwa ni shukrani na kwamba hakuna shida. Hiyo ya tatu ni nini?

Mponyaji_Mkongwe alijibu:

Umekisia vyema. Hiyo ya tatu usiisome, itazame: o ni kichwa, 7 ni mkono uliopandishwa kwenye paji la uso. Amekupigia saluti.